Saa Milioni Moja na Nusu: Uhakiki wa Istilahi za Kutegemeka kwa Diski Mango

Katika kurasa za namna hii tumezoea kuzijadili istilahi zikiwa zimepangwa katika orodha, neno la kigeni upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili, kana kwamba maneno hukaa peke yake. Safari hii tunakusudia kuhakiki andiko zima. Nalo ni hati ya kurasa nne iliyofika mezani petu kutoka katika ofisi moja ya umma, ambayo hatutaitaja: tafsiri ya maelezo ya ubora na masharti ya dhamana ya diski mango zilizokuwa zikinunuliwa kwa zabuni. Mfasiri yaonekana ni mtu makini mwenye Kiswahili kizuri, na aliifanya kazi ambayo wengi huikimbia. Kwa hiyo tutakayoyasema hayamlengi yeye, bali yanalenga akiba ya maneno aliyoikuta.

Lililotusukuma kuandika ni maneno machache yaliyoandikwa kwa kalamu pembeni mwa ukurasa wa pili. Hapo palipotafsiriwa kwamba diski "ina uaminifu wa kuishi saa 1,500,000", afisa mmoja alipiga hesabu akapata miaka 171, kisha akashauri kwamba, kwa kuwa muda huo wapita umri wa jengo la ofisi yenyewe, fungu lililotengwa kwa ajili ya nakala rudufu liondolewe katika makadirio ya mwaka. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Mwaka una saa 8,760, na milioni moja na nusu ikigawanywa kwa hizo inaleta 171 na kidogo. Kilichompotosha ni maneno mawili tu, "uaminifu" na "kuishi"; na laiti ushauri wake ungalifuatwa, kumbukumbu za watu zingalibaki katika chombo kimoja bila ya pacha, zikingoja siku ya kupotea.

Jina la chombo chenyewe halitatuchelewesha. Wapo wasemao kwamba "diski mango" ni jina la uongo, kwa kuwa ndani yake hamna sahani wala kitu kizungukacho, bali mna vipande vya silikoni vyenye seli zinazonasa chaji ya umeme. Ni kweli. Lakini "simu" nayo asili yake ni waya, neno tulilolipata kutoka Kiajemi, na leo kila mtu anatembea na simu isiyokuwa na waya wala haoni ajabu. Jina likishapata watu halidai tena kufanana na kitu. "Mango" nayo imezoeleka katika masomo ya sayansi pamoja na mwenzake "yabisi". Basi na tuendelee.

Neno la kwanza linalotaka uhakiki ni "uaminifu". Katika Kiswahili uaminifu ni sifa ya mtu mwenye hiari. Karani mwaminifu ni yule ambaye angeweza kuiba lakini haibi. Mke na mume huaminiana kwa sababu kila mmoja anaweza kuvunja ahadi. Diski haikuahidi kitu. Ukisema kuwa diski ni aminifu, msomaji hupokea ahadi pale ambapo mtengenezaji ametoa makadirio tu, na tofauti ya ahadi na makadirio ndiyo kiini cha hati yote hii. Katika ukurasa wa tatu mfasiri, pengine kwa kuchoshwa na uaminifu, alibadilisha akaandika "utegemezi wa diski". Hapo alitoka penye maji ya magoti akaingia penye kina. Utegemezi ni hali ya anayetegemea, si ya anayetegemewa: twasema uchumi tegemezi, kishazi tegemezi, mtoto aliye mtegemezi wa baba yake. Diski yenye utegemezi mkubwa, kwa Kiswahili kilichonyooka, ni diski isiyoweza kusimama peke yake.

Lugha yetu ina njia bora zaidi, nayo ni kauli ya kutendeka. Njia ipitikayo yaweza kupitwa; maji yanyweka yakiwa safi; na chombo kinategemeka iwapo chaweza kutegemewa. Kwa hiyo twapendekeza "kutegemeka", na "kiwango cha kutegemeka" pale linapotakiwa jina la kipimo. Wako wenzetu wanaotaka "utegemekaji", kwa hoja kwamba istilahi haina budi kuanza na u- ili ionekane ya kitaalamu. Hatuoni haja. Kitenzi-jina kimetumika katika sheria na katika dini karne kwa karne bila ya mtu kulalamika kuwa si cha kitaalamu.

Tuje sasa kwenye zile saa. Katika karatasi ya mtengenezaji pamechapwa herufi MTBF, ambazo neno kwa neno ni wastani wa muda kati ya hitilafu na hitilafu. Fasiri hii ya neno kwa neno inapatikana katika orodha kadhaa, na ndiyo iliyomshinda mfasiri wetu hata akakimbilia "kuishi". Twamwelewa. "Kati ya" hudai vitu viwili: hitilafu ya kwanza, matengenezo, kisha hitilafu ya pili. Jenereta huharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena; kwayo maneno hayo yana maana. Diski mango ikifa haifufuliwi, hutupwa. Hitilafu ya pili haipo, na kwa hiyo hakuna kitu kinachoweza kukaa kati. Mfasiri alihisi kasoro hiyo, akaona kwamba muda utokao mwanzo hadi hitilafu pekee ndio umri, naye akaandika kuishi. Aliisahihisha kasoro ya sarufi akazaa kosa la maana.

Kwa maana namba hii si umri wa diski yoyote. Ni namba ya kundi. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Kijiji kina vijana 1,000 wenye afya, na tuseme kwamba katika mwaka mmoja afariki kijana mmoja. Vijana hao kwa pamoja wameishi miaka 1,000, na msiba umekuwa mmoja. Kwa hesabu ya viwandani tungesema kwamba muda wa wastani ni miaka 1,000 kwa kifo kimoja. Hakuna mzee hata mmoja wa kijiji hicho atakayetoka hapo akasema kuwa mjukuu wake ataishi miaka 1,000. Atajua kwamba hesabu hiyo inahusu ujana tu, na kwamba uzee una hesabu yake. Vivyo hivyo kwa diski. Diski 1,000 zikifanya kazi mwaka mzima bila kuzimwa hukusanya saa 8,760,000 kwa pamoja. Zigawe kwa 1,500,000, utapata 5.84. Maana yake ni kwamba mtengenezaji anakadiria kuwa katika kila diski 1,000 zilizo katika umri wake wa kazi, 6 hivi zitaharibika ndani ya mwaka. Hilo tu. Miaka 171 haimo.

Kwa hiyo twapendekeza istilahi iliyolibeba kundi ndani ya jina lake: "saa za kundi kwa hitilafu moja". Ni ndefu, twakubali, lakini afisa akikuta "saa za kundi 1,500,000 kwa hitilafu moja" atauliza kundi gani, na swali hilo ndilo tunalolitaka. Tena twashauri kwamba katika hati za zabuni namba hii isiachwe peke yake. Ifuatane na kiwango cha hitilafu kwa mwaka, na kiwango hicho kiandikwe kwa vichwa na si kwa asilimia. "Asilimia 0.58" hupita machoni kama upepo, "6 katika 1,000" huhesabika kwa vidole.

Hapa tungependa kuingiza neno dogo juu ya "saa" yenyewe. Wasanifishaji wamepiga vita neno "masaa" kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba saa ni saa katika umoja na katika wingi. Hoja ni nzuri kisarufi. Lakini katika ukurasa wa kwanza wa hati tunayoihakiki mna sentensi isemayo kwamba diski imepimwa kwa kutumika "saa 8 kwa siku". Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuelewa kuwa diski huwashwa kila siku alasiri inapokaribia. Mwenye kusema "masaa 8" asingaliweza kueleweka hivyo. Hatusemi kwamba masaa isanifiwe, la hasha. Twasema tu kwamba mwenye kuikataa analazimika kuandika "kwa muda wa saa 8", na kwamba watu wa mtaani hawakulitunga neno hilo kwa ujinga.

Saa 8 hizo si za kubuni. Zinatoka katika kanuni iitwayo JESD218, iliyotolewa mwaka 2010 na JEDEC, chama cha wenye viwanda vya vifaa vya elektroniki. Kanuni hiyo inagawa diski katika madaraja mawili. Diski ya mtumiaji wa kawaida hukadiriwa kwa kazi ya muda wa saa 8 kwa siku katika joto la nyuzi 40. Diski ya asasi kubwa hukadiriwa kwa muda wa saa 24 katika nyuzi 55. Mfasiri ameyaita madaraja haya "ya mteja" na "ya biashara". Ni tafsiri ya maneno bila ya vitu. Wote wanunuao ni wateja, na ofisi ya serikali si ya biashara. Hata hivyo mashine yake kuu isiyozimwa usiku wala mchana inahitaji hilo daraja la pili. Twaonelea heri "daraja la matumizi ya mtu" na "daraja la matumizi ya mfululizo".

Kipimo cha pili katika hati, chenye herufi TBW, ndicho kilichotendewa vibaya kuliko vyote, ingawa ni chepesi kueleweka. Kila seli ya diski mango huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, kwa kuwa utando mwembamba unaozuia chaji isitoroke hudhoofika kila chaji inaposukumwa kupita. Kusoma hakuichoshi seli kwa kadiri hiyo. Basi mtengenezaji hutaja jumla ya data inayoweza kuandikwa katika maisha ya diski. Mathalani diski ya Samsung 970 EVO Plus ya terabaiti 1, iliyotoka mwaka 2019, ilitajiwa terabaiti 600 pamoja na dhamana ya miaka 5. Kwa diski yenye namba kama hizo hati yetu inasema: "ina uwezo wa terabaiti 600". Uwezo wake ni terabaiti 1! Mwenye stoo atakayeisoma sentensi hiyo atadhani kuwa ameletewa chombo cha kuhifadhi mara 600 ya kile alichopewa, na ana haki ya kushtaki.

Kinachopimwa hapa ni kingine, nacho kinahitaji jina lake. "Uvumilivu" umependekezwa mahali fulani, lakini una kasoro ile ile ya uaminifu, ni sifa ya moyo. Maofisa wa kilimo wametutangulia: wao husema mbegu zinazostahimili ukame, na mkulima haoni kuwa mbegu imepewa roho. Twapendekeza "ustahimilivu wa uandikaji". Twasema uandikaji na si uandishi, kwa kuwa uandishi ni kazi ya mwandishi na uandikaji ni tendo lenyewe. Wala si "maandiko", ambayo mfasiri ameyatumia mara tatu, na ambayo kwa wasomaji wengi yana utakatifu usiohusika na terabaiti.

Ustahimilivu huo unaweza kutajwa pia kwa siku. Terabaiti 600 zikigawanywa kwa siku 1,825 za miaka 5 ni gigabaiti 329 hivi kila siku, yaani kama theluthi ya diski nzima. Ofisi inayoandika gigabaiti 30 kwa siku itahitaji miaka zaidi ya 54 kuzimaliza. Kwa ofisi ya namna hiyo kikomo cha maana ni miaka 5 ya dhamana, si terabaiti. Na hapa kiunganishi kimoja kimebadili mkataba: asili inasema dhamana hukoma kwa miaka 5 au kwa terabaiti 600, lolote litakalotangulia, tafsiri inasema "miaka 5 na terabaiti 600", kana kwamba vyote viwili havina budi kutimia. Neno "dhamana" lenyewe mfasiri amelichagua vyema. Aliepuka "waranti", ambayo kwa mtumishi wa serikali ni karatasi ya kusafiria.

Yumkini msomaji atauliza kama yafaa kujisumbua hivi kutenga kutegemeka na ustahimilivu, ilhali vyote viwili vyaeleza ubora. Tumjibu kwa mambo yaliyotokea. Kati ya mwaka 2013 na 2015 jarida la Tech Report liliziandikia diski mango sita bila kupumzika hadi zikafa zote. Zote zilipita terabaiti 700, na moja yenye gigabaiti 256 tu ilipita terabaiti 2,400. Habari hiyo ilienea sana, na wengi wakahitimisha kuwa diski mango haziharibiki. Lakini kilichopimwa pale ni ustahimilivu, tena wa diski sita. Mwaka 2016 Bianca Schroeder, Raghav Lagisetty na Arif Merchant walichapisha uchunguzi wa diski zilizofanya kazi miaka sita katika vituo vya Google. Waligundua kwamba diski mango zilibadilishwa kwa nadra kuliko diski za kuzunguka, lakini kati ya asilimia 20 na 63 yake, kutegemea aina, zilipata angalau kosa moja lisilosahihishika katika miaka minne ya mwanzo. Na kwamba umri wa diski ulikuwa na uzito wake, mbali na wingi wa uandikaji. Diski inaweza kuwa haijafika hata robo ya terabaiti zake, isife, na bado ikashindwa kukurudishia ukurasa mmoja. Kwa hiyo twashauri pia kwamba "hitilafu" ibaki kwa diski iliyoshindwa kazi, na "kosa" litumike kwa data isiyosomeka. Hati yetu inayachanganya kila mahali.

Tena hesabu ya kundi ina sharti lililojificha, kwamba kila diski huharibika kwa wakati wake. Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise ilitangaza kuwa baadhi ya diski mango zilizouzwa kwa jina lake zingekoma kabisa zitimizapo saa 32,768 za kazi, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, isipokuwa programu iliyomo ndani yake ibadilishwe. Namba hiyo ni 2 kwa kipeo cha 15, na wajuzi wa kompyuta hawakukawia kutambua ndani yake mpaka wa kihesabio kidogo. Ofisi iliyowasha diski nane siku moja ingalizipoteza zote nane karibu kwa saa moja, nakala na nakala ya nakala. Hakuna MTBF wala TBW iliyoweza kulisema hilo. Na kwa diski za kuzunguka, Schroeder na Garth Gibson walionyesha tangu mwaka 2007 kwamba, ilhali karatasi za watengenezaji ziliashiria hitilafu zisizozidi asilimia 0.88 kwa mwaka, vituoni zilibadilishwa asilimia 2 hadi 4 kwa kawaida, na mahali pengine hadi 13.

Limebaki neno moja, nalo mfasiri amelipita kimya. Kanuni ya JEDEC inataka kwamba diski ya matumizi ya mtu, ikiwa imekwisha kuandikwa terabaiti zake zote kisha ikazimwa, itunze data mwaka mmoja katika joto la nyuzi 30. Diski ya matumizi ya mfululizo hutakiwa kutunza miezi mitatu tu katika nyuzi 40. Diski mpya hutunza kwa muda mrefu zaidi, na joto hupunguza muda huo. Sharti hili halimo katika tafsiri, pengine kwa kuwa lilionekana kuwa la maabara. Lakini stoo ya ofisi ya pwani mwezi wa Februari hupita nyuzi 30 bila ya kuombwa, na desturi yetu ni kuichukua diski iliyochakaa, kuiandika "kumbukumbu", na kuifungia kabatini. Kwa sifa hiyo kuna wanaosema "uhifadhi" na wanaosema "udumishaji". Uhifadhi umekwisha chukuliwa na kazi ya jumla ya chombo. Sisi twaelekea kwenye "utunzaji data bila umeme", kwa sababu maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayosahaulika.

Tuliirudishia ofisi husika kifungu cha pili kikiwa kimeandikwa upya hivi: "Katika kila diski 1,000 za aina hii zinazofanya kazi mwaka mzima, mtengenezaji anakadiria kuwa 6 hivi zitaharibika, wala haijulikani ni zipi. Kila diski imekadiriwa kustahimili uandikaji wa terabaiti 600. Dhamana hukoma baada ya miaka 5 au baada ya uandikaji huo, lolote litakalotangulia, nayo inahusu kubadilishiwa diski, haihusu data iliyokuwamo." Sentensi hiyo ya mwisho ya kifungu ilikuwamo katika asili kwa herufi ndogo, na katika tafsiri ilikuwa imeachwa. Fungu la nakala rudufu, tumearifiwa, limerudishwa katika makadirio. Kuhusu utunzaji data bila umeme bado hatujakata shauri, nasi tungefurahi kupata kutoka kwa walimu wa vyuo vya ufundi na kwa watunza nyaraka maneno ambayo mafundi wao huyatumia.